Posho, Chumba Kimoja na Kisukari: Historia ya Mlo wa Eastlands

Mlo ambao mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili huelekezwa kuufuata katika vituo vya afya vya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, una vyakula vingi ambavyo mababu wa wakazi wa mitaa hiyo walivijua vyema: mboga za kienyeji kwa wingi, kunde na maharagwe, ugali mdogo wa wimbi au mtama, na nduma au kiazi kitamu mahali pa mkate. Ni rahisi basi kudhani kwamba mgonjwa anatakiwa kukumbuka tu alichosahau. Historia ya mitaa hiyo, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo hadi Dandora na Kayole, inaonyesha jambo zito zaidi, kwamba mlo wa sasa ulijengwa kwa muda wa miaka mia moja na ushee na mishahara, vipimo vya posho, ukubwa wa vyumba, bei ya makaa na sheria za biashara ya mahindi, na kwamba anayeambiwa aubadilishe katika miezi michache anakabiliana na mambo hayo yote kwa pamoja.

Kisukari cha aina ya pili ni ugonjwa ambao mwili bado hutengeneza insulini, yaani homoni itokayo kwenye kongosho na kuiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia kwenye chembe za mwili, lakini insulini hiyo ama haitoshi ama haifanyi kazi yake barabara. Wanga wote, uwe umetoka kwenye ugali, chapati, wali au viazi, humeng'enywa ukawa glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damuni, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kupandisha sukari yake bila kuonja hata kijiko cha sukari nyeupe. Wagonjwa wengi huona gumu kulikubali jambo hilo wanapopimwa na kupatikana na ugonjwa kwa mara ya kwanza, na ugumu huo unaeleweka ukikumbukwa jinsi ugali wa mahindi ulivyopata kuwa ndio chakula chenyewe.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na chakula cha sehemu kubwa ya vibarua wake katika miongo iliyofuata kilikuwa posho, yaani kipimo cha unga wa mahindi kilichotolewa na mwajiri kama sehemu ya ujira. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili mbili kwa siku, karibu gramu 900, na unga wa kiasi hicho una takriban kilokalori 3,000, kilokalori ikiwa ni kipimo cha nguvu ambayo mwili huipata katika chakula. Nguvu hiyo ilimtosha mtu wa kupasua mawe na kubeba mizigo kutwa, ila ilitoka karibu yote katika nafaka moja, kwa kuwa mwajiri alihesabu gharama ya kumwezesha mtu kufanya kazi, na maharagwe, nyama au mboga vilikuja kwa nadra au kwa fedha za kibarua mwenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipanua utaratibu huo kwa kiwango ambacho Afrika Mashariki haikuwahi kukiona. Wanaume wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, miongoni mwao wakiwemo waliolelewa kwa wimbi, mtama, ndizi na mbaazi, wakalishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu, na maradhi ya tumbo yakawa mojawapo ya sababu kubwa za vifo vyao. Mahali palipokuwa kambi ya wapagazi hao jijini pangali panaitwa Kariokor hadi leo.

Kipimo cha posho kiliwafuata wafanyakazi hadi mitaani. Serikali ya kikoloni ilifungua Pumwani mapema katika miaka ya 1920 kama eneo rasmi la makazi ya Waafrika, na kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wenye nyumba wake walielekezwa Shauri Moyo. Katika nyumba za Pumwani zilizojengwa kwa mtindo wa Kiswahili, zenye ujia katikati na vyumba pande mbili, wanawake wenye nyumba na wapangaji wao waliwauzia vibarua chai, uji, mahamri na chakula kilichopikwa, hivi kwamba biashara ya mlo wa jioni ikawa mojawapo ya njia za mwanzo kabisa za mwanamke kujipatia fedha yake mwenyewe Nairobi. Wanahistoria wameandika zaidi kuhusu kodi, pombe na ukahaba katika mtaa huo kuliko kuhusu masufuria yake. Hayo ni mapungufu, kwa maana kwenye masufuria hayo ndipo watu wa kutoka Nyanza, Ukambani, Magharibi, Kati na Pwani walipojifunza kula chakula kimoja.

Mitaa iliyofuata, ikiwemo Ziwani na Starehe, ilijengwa kwa dhana kwamba mfanyakazi Mwafrika ni kapera atakayerudi kijijini, na mshahara wake ulihesabiwa kwa dhana hiyo hiyo hadi kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba ujira ukadiriwe kwa mahitaji ya familia. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuzifikiria familia. Kwingineko chumba kimoja kilikuwa pa kulala, pa kuhifadhi vitu na pa kupikia, na wakati mwingine kilikaliwa na wanaume watatu au wanne. Uzito wa jambo hili katika historia ya mlo hauonekani mpaka mtu ahesabu muda wa jikoni. Githeri, yaani mahindi makavu yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, inahitaji saa tatu au zaidi motoni ikiwa nafaka haikulowekwa, na saa hizo ni makaa yanayonunuliwa kwa mkebe au mafuta taa yanayopimwa kwa chupa. Ugali haumalizi nusu saa: maji yakichemka unga humwagwa, mwiko husonga, sufuria hufunikwa kidogo, na jiko hubaki na moto wa kutosha kukaangia sukuma wiki iliyokatwa tayari na mama mboga, yaani muuza mboga wa mtaani. Kibarua aliyefika Makongeni au Bahati saa moja jioni, na ambaye angerauka alfajiri kwenda Industrial Area kwa miguu, hakuwa na uhuru wa kuchagua kati ya vyakula hivyo viwili. Hata leo githeri na maharagwe ya kuchemsha huuzwa mitaani yakiwa yameiva, kwa kipimo cha kikombe, kwa sababu muuzaji mmoja mwenye sufuria kubwa na kuni anaweza kubeba gharama ya moto ambayo kila nyumba peke yake isingeimudu. Huduma hiyo ya kibandani, inayodharauliwa mara kwa mara na maofisa wa jiji, ndiyo iliyoziweka kunde katika mlo wa watu wengi wa Eastlands wasio na nafasi ya kuzipika.

Unga wenyewe nao ulibadilika. Punje ya mahindi ina sehemu tatu: pumba, ambayo ni ganda lenye nyuzinyuzi, kiini, chenye mafuta na sehemu nzuri ya vitamini, na sehemu nyeupe ya ndani, ambayo karibu yote ni wanga. Mashine ndogo ya posho husaga punje nzima au hukoboa sehemu tu ya pumba, wakati vinu vikubwa vya kiwandani huondoa pumba na kiini na kubakiza unga mweupe laini. Mafuta ya kiini huchacha haraka, kwa hiyo unga usio na kiini unaweza kukaa dukani miezi kadhaa ndani ya pakiti, na faida hiyo ya kibiashara ndiyo iliyoupa nguvu kuliko ladha yake. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, biashara ya mahindi iliwekwa chini ya udhibiti wa serikali, na kwa muda wa nusu karne, chini ya bodi zilizobadilishana majina, kusafirisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali. Mwenye kiwanda kikubwa alipewa nafaka na bodi kwa bei iliyopangwa. Mwenye mashine ndogo mtaani, na mkazi aliyetaka kuleta gunia lake kutoka shambani, walijikuta wakibanwa. Unga mweupe wa pakiti ukawa wa bei nafuu kwa sababu ya sera hiyo, kisha ukawa alama ya maisha ya mjini, na watoto waliozaliwa Jericho, Maringo na Ofafa katika miaka ya 1960 walikua wakiuona unga wa wimbi kama chakula cha wazee na wagonjwa.

Madaktari wa enzi hizo walihangaishwa na upungufu wa chakula. Utafiti wa John Gilks na John Boyd Orr, uliochapishwa mwaka 1931, uliwalinganisha Wamaasai wanaoishi kwa maziwa, nyama na damu na Wakikuyu wanaoishi kwa nafaka, viazi na kunde, na ukaeneza wasiwasi kwamba wakulima hao walikosa madini na protini. Kisukari hakikuwa na nafasi kubwa katika mjadala huo. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye kufanya kazi kwa muda mrefu katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika kwamba mengi ya maradhi hayo, kisukari kikiwemo, yalikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa vijijini. Ushahidi wa aina hii unastahili kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa ni wachache waliofika hospitalini, mkojo haukupimwa kila mahali, na wengi walifariki kabla ya kufika umri ambao kisukari cha aina ya pili hujitokeza. Hata hivyo tofauti waliyoiona madaktari waliokaa muda mrefu ilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Trowell, pamoja na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefahamiana naye Uganda, walitumia miaka ya 1970 kujenga hoja kwamba kuondolewa kwa nyuzinyuzi katika nafaka ni chanzo kimoja cha maradhi ya miji. Hoja hiyo ilizaliwa kwa kuwatazama watu wa Afrika Mashariki, nayo ikabadilisha ushauri wa chakula Ulaya na Marekani, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa ikielekea kwa kasi kwenye unga uliokobolewa.

Burkitt na Trowell walikuwa sahihi kwa sehemu. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni, lakini pumba peke yake haielezi yaliyotokea Eastlands baada ya uhuru. Viwanda vya sukari vya Muhoroni, Chemelil na Mumias vilifunguliwa kati ya mwaka 1966 na 1973, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi ikawa kinywaji cha asubuhi, cha mapumziko ya kazini na cha kumkaribishia mgeni. Mafuta ya kupikia yaliuzwa kwa kupimwa kwa kijiko, hivyo hata mwenye shilingi chache aliweza kukaanga. Mtaa wa Buruburu ulipojengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya tabaka la kati, na Dandora kuanzishwa mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umbali kati ya nyumba na kazi ulivukwa na matatu, na kazi zenyewe zikaanza kuwa za kuketi. Chipsi, mandazi, soseji na chapati kwa maharagwe, ambayo vijana huita chapo madondo, vilijaza nafasi ya chakula cha mchana. Kipimo cha ugali kilichowekwa kwa ajili ya mpasua mawe kilibaki mezani kwa karani, mlinzi na muuza duka, na mazoea ya kumpima mwenyeji kwa ukubwa wa ugali aliousonga yakakifanya kigumu kupunguzwa.

Matokeo yalianza kuonekana katika takwimu mwanzoni mwa karne hii. Utafiti wa Dirk Lund Christensen na wenzake, uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009, ulikuta kisukari kwa asilimia 12.2 ya watu wazima wa mjini waliopimwa, ikilinganishwa na asilimia 2.2 ya wale wa vijijini. Watafiti wa kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, chenye makao yake Nairobi, walipima maelfu ya wakazi wa Korogocho na Viwandani mwaka 2008 na 2009, wakagundua kwamba ni mmoja tu kati ya watano wenye kisukari aliyejijua, na kwamba chini ya asilimia 5 ya wagonjwa wote ndio waliokuwa na sukari iliyodhibitiwa. Takwimu hii ya pili ndiyo yenye uchungu zaidi, kwa sababu inahusu mitaa ya watu maskini, ilhali ugonjwa huo ulidhaniwa kuwa wa matajiri.

Wazo la kutibu kisukari kwa chakula ni la zamani kuliko dawa zake. Daktari Mfaransa Apollinaire Bouchardat aliona kwamba sukari katika mkojo wa wagonjwa wake ilipungua Paris ilipozingirwa na jeshi la Prussia mwaka 1870 na chakula kuadimika, na kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921 madaktari wa Marekani waliwanyima wagonjwa wao chakula karibu hadi kufa ili kuwaongezea muda. Dawa zilipopatikana wazo hilo lilififia, hadi Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle alipolifufua kwa maelezo mapya: mafuta yanayojilimbikiza ndani ya ini na kongosho huvuruga kazi ya insulini, na mafuta hayo yakiondolewa mapema kongosho linaweza kuzinduka. Katika jaribio aliloliongoza pamoja na Mike Lean huko Uingereza, lililochapishwa mwishoni mwa mwaka 2017, watu walioupata ugonjwa katika miaka sita iliyotangulia na ambao hawakuwa wakitumia insulini walipewa takriban kilokalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 yao walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa matibabu ya kawaida, na miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi kiwango kilifika asilimia 86. Uzito ulipoanza kurudi, ugonjwa nao ulirudi kwa wengine, hivi kwamba mwaka wa pili waliobaki salama walikuwa asilimia 36. Jaribio lililofanyika Qatar kwa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini lilipata asilimia 61 kwa mwaka mmoja, likaonyesha kwamba jambo hili si la Wazungu peke yao. Wataalamu wa kimataifa walikubaliana mwaka 2021 kwamba ugonjwa uhesabiwe kuwa umetulia ikiwa kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kimeshuka chini ya asilimia 6.5 na kikadumu hivyo kwa angalau miezi mitatu bila dawa, wala hawakusema kwamba mgonjwa amepona.

Ukiletwa Eastlands, ujuzi huu unagongana moja kwa moja na historia iliyoelezwa. Kinachotuliza ugonjwa ni kupungua kwa uzito na mafuta ya ndani, kwa hiyo imani iliyoenea kwamba ugali wa rangi ya udongo ni dawa na mweupe ni sumu inapotosha: unga wa wimbi, mtama na muhogo uliochanganywa una wanga karibu sawa na ule wa mahindi, na mgonjwa anayekula bonge lile lile kwa sababu rangi imebadilika atakuta sukari yake iko juu vilevile. Mwongozo wa sahani unaotumiwa kliniki, yaani nusu mboga, robo chakula cha wanga na robo protini, una manufaa zaidi kwa sababu unakihusu kiasi. Hata hivyo nusu sahani ya managu, terere au majani ya kunde hugharimu mafungu kadhaa kwa mtu mmoja, na katika nyumba inayolisha watu sita ugali ndio unaozibia pengo la mboga. Yako pia mambo ya hatari. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho kuitoa, akipunguza chakula ghafla bila daktari kupunguza dawa, sukari yake inaweza kushuka hadi azirai. Na anayeacha dawa kwa kuahidiwa tiba ya mitishamba sokoni hurudi hospitalini macho, figo au miguu ikiwa imeharibika.

Upande wa mboga, mwelekeo umeanza kugeuka. Kazi ya watafiti kama Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta na Patrick Maundu wa Makavazi ya Taifa ilizitoa mboga za kienyeji katika dharau, na mwaka 2021 UNESCO iliuweka mpango wa Kenya wa kulinda vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya uhifadhi. Leo saga, mrenda na terere hupatikana katika kibanda cha mama mboga Umoja au Kayole pamoja na sukuma wiki. Upande wa unga mambo yana mvutano zaidi. Udhibiti wa biashara ya mahindi ulipoondolewa mwishoni mwa mwaka 1993 pamoja na ruzuku ya unga wa viwandani, mashine ndogo za posho zilistawi upya katika mitaa ya Nairobi, na familia maskini zikarudia kwa wingi unga wa punje nzima kwa sababu ulikuwa wa bei ya chini. Mteja hufika na gorogoro lake la mahindi, yaani mkebe wa kupimia nafaka, akiongezea wimbi kidogo akipenda, na humwambia mwenye mashine akoboe au asikoboe. Huo ulikuwa mgeuko mkubwa wa afya ya lishe ambao haukuhitaji kampeni yoyote; ulihitaji tu bei isipindishwe. Bei ya unga ilipopanda mwaka 2017 na tena mwaka 2022, serikali iliweka ruzuku kwenye pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi, kwa shilingi 90 mara ya kwanza na shilingi 100 mara ya pili. Nafuu hiyo iliokoa watu na njaa, nayo ilikuwa haki yao. Lakini ilipitia tena kwenye vinu vikubwa, na wimbi, mtama, maharagwe na ndengu, ambavyo ndivyo mgonjwa wa Dandora ameandikiwa na mtaalamu wa lishe, vilibaki kwa bei ya soko.